Ni Akina Nani Waliolijenga Kanisa la Bagamoyo?

Katika vitabu vya wasafiri na katika masimulizi ya wenye kuwaongoza wageni, mnara wa kanisa la kwanza la Misheni ya Bagamoyo huitwa Mnara wa Livingstone. Sababu yake inajulikana. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa Dakta David Livingstone uliletwa hapo kutoka bara, ukalazwa usiku mmoja, kisha ukavushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza, ambako ulizikwa katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka huohuo. Kwa usiku mmoja wa maiti ya mgeni, mnara ukapata jina. Wale walioishi chini ya kivuli chake miaka nenda miaka rudi, waliochoma chokaa yake na kubeba mchanga wake, hawakuachiwa hata herufi moja ya jina hilo.

Hatuandiki haya kwa chuki dhidi ya marehemu, ambaye maandishi yake yaliwaamsha wengi huko Ulaya wauone ubaya wa biashara ya watumwa. Tunaandika kwa sababu sisi wa Haki na Amani tumezoea kuulizwa juu ya mashamba, mirathi, mahabusu na mishahara, na ni mara chache mno kuulizwa juu ya majengo. Hata hivyo jengo la kanisa nalo ni suala la haki. Ndani ya kuta zake limo jasho la mtu fulani. Jasho hilo ama lililipwa, ama lilitolewa kwa hiari, ama lilichukuliwa. Na Bagamoyo, ambako Kanisa Katoliki la Tanzania Bara lilitia mguu wake wa kwanza katika nyakati hizi za karibuni, ndiko panapofaa kuulizia swali hilo kabla hatujaliuliza katika parokia zetu wenyewe.

Tukumbuke kwa ufupi jinsi mambo yalivyokuwa. Mwishoni mwa mwaka 1860 Padre Armand Fava aliwasili Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, akiwa na mapadre wachache na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo linastahili kutajwa kuliko linavyotajwa. Lilianzishwa huko Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kufuta utumwa katika makoloni yake, na tangu mwanzo lilipokea wanawake Wazungu pamoja na wanawake waliokuwa watumwa, wote wakavaa vazi moja la kitawa. Kwa wakati ule, jambo hilo peke yake lilikuwa hubiri kubwa kuliko mahubiri mengi yaliyotolewa mimbarini. Mwaka 1863 misheni ya Unguja ikakabidhiwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner. Tarehe 4 Machi 1868, kwa idhini ya Sultani Majid, wakafungua misheni ng'ambo ya pili ya bahari, Bagamoyo, mahali zilipokomea njia za misafara kutoka Unyamwezi, Ujiji na nchi za maziwa.

Wapo wanaosimulia habari za Bagamoyo kana kwamba kila mguu ulioukanyaga mchanga wake ulikuwa na mnyororo. Ukweli una pande zaidi ya moja. Wengi walioingia mjini humo walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, wenye pembe za ndovu mabegani na nyimbo midomoni. Walikuwa watu huru wenye kuujua ujira wao na wenye kuudai. Lakini pamoja nao waliletwa pia watumwa, na ng'ambo, Unguja, soko la kuwauza lilikuwa wazi mchana kweupe hadi mwezi wa Juni 1873, lilipofungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi kwa shinikizo la Waingereza. Basi katika mji mmoja walionekana mtu aliyebeba mzigo kwa ujira na mtu aliyekuwa yeye mwenyewe mzigo. Tofauti hiyo tuiweke akilini, maana ndiyo tofauti ambayo jengo lolote hulazimika kuieleza: huyu aliyeinua jiwe, aliliinua akiwa nani?

Mapadre walikwenda sokoni Unguja wakanunua watoto. Hayo ndiyo yalikuwa mapato ya kwanza ya misheni, kama tunaweza kusema hivyo: watoto walionunuliwa kwa fedha zilizochangwa na waamini wa Ulaya ili wakombolewe. Baadaye waliongezeka wengine, waliotekwa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya wafanya biashara na kukabidhiwa kwa misheni mbalimbali. Watoto hao walifundishwa katekisimu, kilimo na ufundi. Walipokua waliozeshwa, wakapewa kibanda na kipande cha shamba katika kijiji cha Kikristo kilichokuja kujulikana kama Kijiji cha Uhuru. Hao ndio waliofyeka pori, waliopanda minazi na miembe, waliochimba misingi na kuinua kuta. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa Serikali ya Uingereza, aliitembelea Bagamoyo, akaisifu kuwa mfano wa kuigwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mapadre, mabradha na masista wale waliacha kwao wakijua kwamba wengi wao hawatarudi. Homa iliwamaliza wakiwa vijana, nao wamelala hapohapo Bagamoyo katika makaburi yenye misalaba, mwendo mfupi kutoka kanisani. Mtoto aliyetolewa katika soko la Unguja na kupewa chakula, nguo, jina na ndoa, alipewa mambo ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kumpa. Asiyeliona hilo hana macho.

Lakini haki haiishii kwenye sifa. Hata enzi zile palikuwa na watu waliouliza kama kununua watumwa, hata kwa nia ya kuwakomboa, hakumwongezei muuzaji faida na hamu ya kwenda kukamata wengine. Swali hilo lilikuwa la busara, na hatuwezi kulitupa leo kwa sababu tu linatutia aibu. Tena kuna swali la pili, lililo zito zaidi. Mtu aliyenunuliwa ili awe huru, kisha akapangiwa saa ya kuamka, kazi ya kufanya, mke wa kuoa na mahali pa kukaa, je, uhuru wake ulikuwa wa kiasi gani? Mwaka 2005 Padre Paul Kollman, mwanahistoria wa Marekani, alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hili, akionyesha kutokana na barua na kumbukumbu za wamisionari wenyewe kwamba wakazi wa vijiji vya Kikristo hawakuwa vinyago vya kufinyangwa. Walinung'unika, walidai, walipinga, na baadhi yao waliondoka. Kwa mapadre, kuondoka huko kulionekana kuwa utovu wa shukrani. Sisi tunakuona vingine. Tunaona kwamba waliufahamu uhuru kuliko walivyofundishwa.

Turudi kwenye mawe. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliyovunja majumba na kung'oa minazi Unguja iliipiga na Bagamoyo, ikabomoa sehemu kubwa ya yaliyokwisha kujengwa. Kazi ya miaka minne ililala chini. Ikaanza upya. Kanisa la kwanza, ambalo mnara wake ndio huo ulioazimwa jina la Livingstone, ni la mwaka huohuo wa 1872. Nyumba ya masista, ambayo baadaye ilifanywa makumbusho, ni ya mwaka 1876, na mwaka huo pia watu waliokombolewa walijenga pango la Bikira Maria kwa mfano wa lile la Lourdes.

Inafaa tueleze jinsi jengo la namna hii lilivyojengwa katika pwani yetu, maana wengi wa vijana wetu hudhani kwamba ujenzi ulianza na saruji. Ukuta wa pwani ni wa mawe ya matumbawe. Mawe hayo huchimbwa ardhini, katika miamba iliyokuwa chini ya bahari zamani sana, au huvunwa baharini yangali laini, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa yake hutokana na matumbawe yaleyale. Hupangwa magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe yakawekwa juu, tanuu ikawashwa moto ikaungua mchana na usiku. Kinachobaki hunyunyiziwa maji na kuachwa kitulie kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Fundi mwenye haraka huiharibu. Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni vyembamba. Kanisa, linalotaka ukumbi mpana wa kukusanya watu wote mahali pamoja, lilidai ufundi mwingine wa paa juu ya ule uliokuwapo. Hivyo majengo ya misheni za pwani ni ndoa ya elimu mbili. Michoro ilitoka ng'ambo. Kumjua jiwe na chokaa, kujua saa ya kumwagia maji, kujua ukuta unene kiasi gani ili ustahimili mvua za masika na upepo wa kusi, kulikuwa elimu ya hapa, ya mafundi ambao babu zao walikwisha kujenga misikiti na majumba huko Kaole karne nyingi kabla ya msalaba kusimikwa ufukweni. Tunaposema kwamba kanisa fulani «lilijengwa na wamisionari» tunasema nusu tu, na pengine si nusu iliyo nzito.

Vivyo hivyo na ile safari ya mwili wa Livingstone. Alifariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliomleta pwani ni Waafrika, wanaume kwa wanawake, waliotembea kwa miezi mingi zaidi ya kilomita 1,500 wakibeba maiti iliyokaushwa na kufungwa, katika nchi ambazo watu wake wengi waliogopa kupitishiwa maiti. Susi na Chuma waliwaongoza, na siku ya mazishi kule London hawakuwapo. Jacob Wainwright, kijana aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa India, alikuwapo miongoni mwa waliolishika jeneza. Waliobaki hawakumbukwi kwa majina isipokuwa na wachache wenye kusoma sana. Kama mnara ule ulistahili kupewa jina kwa ajili ya usiku ule wa Februari, ungaliweza kuitwa Mnara wa Wachukuzi.

Tusidhani kuwa wakazi wa Kijiji cha Uhuru walibaki hapo kama miti. Misheni ilipoamua kuingia bara, hao ndio waliotangulia. Mhonda ilifunguliwa mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882, na katika vituo hivyo vya bara walipelekwa wenye ndoa kutoka Bagamoyo wakawe kiini cha jumuiya mpya. Walilima, walijenga, waliwafundisha wenyeji sala, walistahimili njaa na vita. Leo katika vitabu vya jubilei za parokia tunasoma majina ya mapadre waanzilishi, na ni vema. Lakini padre alifika akiwa mmoja au wawili. Jumuiya iliyomwonyesha mwenyeji jinsi Wakristo wanavyoishi, wanavyogombana na kupatana, wanavyozika na kulea, ilikuwa ya hao waliokombolewa. Kama neno katekista lingekuwa na kaburi la kuzuru, tungelitafuta kwao.

Kanisa kubwa la Bagamoyo, lile linaloonekana leo, lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Nalo ni la mawe ya matumbawe, zito, refu, lenye mnara, jengo la watu walioamini kwamba watakuwapo hapo kwa muda mrefu. Lakini mji ulikwisha kupungua. Wadachi walikuwa wamehamishia makao makuu ya serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891, bandari na reli zikafuata huko, na misafara ikakoma. Kuna jambo la kutafakarisha katika kujenga kanisa kubwa mjini ambamo wafanya biashara wanaondoka.

Na kuna jambo la kutafakarisha zaidi, ambalo halitajwi sana. Kanisa lile lilipokuwa likiinuliwa, utumwa ulikuwa bado halali kisheria katika nchi hii. Serikali ya Wadachi ilizuia biashara, na kwa amri yake ya 1904 ikasema kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru, lakini haikuufuta utumwa wenyewe. Ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, miaka minane baada ya kanisa kukamilika. Maana yake ni kwamba mtu aliweza kupita barabara ya miembe kwenda Misa huku jirani yake akihesabiwa kuwa mali ya mwingine. Wakati huohuo Kanisa lilikwisha kusema wazi. Papa Leo wa 13 aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1888, na mwaka 1891, katika waraka wa Rerum Novarum, alifundisha kwamba ujira wa mfanyakazi haupimwi kwa mapatano peke yake, bali lazima umtoshe kuishi kama binadamu. Mafundisho yalikuwapo. Mafundisho hutembea polepole kuliko meli.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema: hayo ni ya kale, waliohusika wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hatukubali. Maandiko Matakatifu yenyewe hayakuliacha jambo la ujenzi lipite kimya. Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinasimulia kwa fahari hekalu la Solomoni, mierezi yake na dhahabu yake, lakini hakifichi kwamba mfalme alikusanya shokoa ya watu 30,000 kutoka Israeli yote (1 Waf. 5:13). Sura chache baadaye, Solomoni alipokufa, watu wakamwendea mwanawe kulalamikia nira nzito ya baba yake. Hakuwasikiliza, na ufalme ukapasuka vipande viwili. Nabii Yeremia alimlaani mfalme aliyejijengea nyumba pasipo haki, akimtumikisha jirani bila ujira (Yer. 22:13). Mtume Yakobo akasema kuwa ujira uliozuiliwa hupiga kelele (Yak. 5:4). Nyumba ya Mungu haikupewa msamaha katika hesabu hiyo.

Basi tuje kwetu. Hakuna parokia isiyojenga. Kigango kinakuwa parokia, parokia inataka kanisa kubwa zaidi, kanisa linataka mnara, mnara unataka kengele. Tunafurahi, maana ni dalili ya uhai. Lakini tuulize ni nani anayechanganya zege. Mara nyingi ni kijana aliyeokotwa kijiweni asubuhi, asiye na mkataba, asiye na bima, asiyejua kama Jumamosi atalipwa au ataambiwa kwamba michango haijaingia. Akianguka kutoka jukwaani, tunamchangia nauli ya hospitali, tunamwombea katika sala za waamini, na jina lake linaishia hapo. Mkandarasi wa kiwanda angefanya hivyo, Tume hii ingeandika barua. Afanyapo mweka hazina wa kamati ya ujenzi, tunasema ni sadaka.

Sheria ya Kanisa haisemi hivyo. Kanuni ya 1286 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa wafuate kwa uangalifu sheria za nchi zihusuzo kazi, na wawalipe wafanyakazi ujira wa haki unaowatosheleza wao na walio wao. Katika Tanzania sheria hizo zipo, ikiwamo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya maaskofu na wahasibu peke yao. Inamhusu kila mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anayeshika fedha za waamini. Tungependa isomwe katika kikao cha kwanza cha kila kamati, kabla ya kufunguliwa ramani.

Litatajwa suala la kujitolea. Ni kweli, makanisa mengi ya nchi hii yalijengwa na akina mama waliobeba mawe vichwani siku za Jumamosi na wazee waliofyatua matofali bila kudai senti. Hakuna jengo zuri kuliko hilo. Lakini hiari ina masharti yake. Inakoma kuwa hiari pale orodha ya wasiotoa inaposomwa mbele ya watu, pale mjane anapoambiwa kwamba mtoto wake hatabatizwa mpaka amalize ahadi, pale marehemu anapocheleweshwa kuzikwa hadi daftari la michango lifunguliwe. Kanuni ya 848 inakataza kabisa maskini kunyimwa msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Anayejenga ukuta kwa hofu ya kunyimwa ubatizo hajajitolea. Ametozwa. Nasi tunaona aibu kusema kwamba huyo yuko karibu zaidi na yule aliyebeba mchanga Bagamoyo miaka ya 1870 kuliko tunavyopenda kukiri. Tofauti ni kwamba yule wa zamani alipewa angalau shamba.

Kuna na jambo la matengenezo, ambalo wengine wataliona dogo. Makanisa yetu makongwe ya pwani yanazeeka, na parokia ikipata fedha kidogo hukimbilia saruji. Lipu ya saruji inapigwa juu ya ukuta wa chokaa, rangi ya mafuta juu yake, na siku ya jubilei kanisa linang'aa. Baada ya masika machache ukuta unaanza kubambuka. Sababu yake mafundi wazee wanaijua. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuruhusu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya, jiwe likasagika nyuma ya lipu nzuri. Dawa ni chokaa kwa chokaa. Lakini wajuao kuichoma na kuituliza wanapungua, kwa kuwa hakuna anayewapa kazi, na vijana hawajifunzi ufundi usiolipa. Parokia kongwe ikiamua kumwajiri fundi chokaa kwa ujira wa haki, na kumtaka afundishe vijana wawili au watatu, itakuwa imehifadhi jengo na kazi kwa gharama moja. Tunaona hilo ni tendo la haki na amani sawasawa na semina zetu za siku tatu. Pengine na kuzidi, maana semina huisha na chai.

Mwaka 2006 Serikali ya Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na mwaka 2025 Bagamoyo ikawa makao ya jimbo jipya. Wageni wataongezeka. Watakaowaongoza watasimulia nini? Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika kisiwa cha Gorée, Senegal, mwezi wa Februari 1992, aliomba msamaha kwa ajili ya dhambi ya Wakristo walioshiriki biashara ya watumwa. Hakusema kwamba ni ya kale. Alisimama mahali palepale ilipotendeka. Sisi Bagamoyo tunayo nafasi iliyo ya faraja zaidi, kwa sababu mahali petu panashuhudia pia waliokombolewa. Ila ushuhuda usio na majina ni nusu ya ushuhuda.

Majina hayako mbali. Misheni zilitunza vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi, na aliyebatizwa aliandikwa. Aliyeitwa kwa namba katika bei ya soko aliandikwa kwa jina katika kitabu cha Kanisa. Hilo ndilo jengo jingine lililojengwa Bagamoyo, na halijaanguka kwa tufani yoyote. Tunapendekeza kwamba katika parokia zote kongwe za pwani na za njia ya misafara, Bagamoyo, Mhonda, Morogoro na nyinginezo, halmashauri ya walei kwa idhini ya paroko iteue watu wawili au watatu wenye subira na macho mazuri, wanakili majina ya waliobatizwa katika miaka ya mwanzo, na majina hayo yabandikwe ndani ya kanisa mahali pa kusomeka, karibu na yale ya mapadre waanzilishi. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, yatajwe kwenye Misa.

Parokia zilizo changa zisingoje kuwa kongwe. Zianze na waliojenga kanisa walilo nalo: fundi mkuu, saidia fundi, aliyepika uji wa mafundi, aliyetoa punda wake kubeba maji, aliyeumia na asiyepona. Wazee wanaowakumbuka wangali hai katika jumuiya ndogo ndogo, na hawatakuwapo miaka yote. Atakayeandika aandike pia ni nani aliyekuwa hajalipwa kazi ilipokwisha, na ni kiasi gani, ili kamati ya fedha ijue pa kuanzia. Orodha ikikamilika, nakala moja iwekwe katika kabati la vitabu vya ubatizo, na ya pili ipelekwe jimboni.